Kambini au kwa bibi?

Mmeuliza wiki hii: likizo ya mwezi wa sita watoto waende kambini au kwa bibi kijijini? Mimi kote nimepita, naomba nafasi.

Nikiwa chuoni nilifanya kazi ya ulezi msimu mmoja kwenye kambi ya watoto New Hampshire, Marekani, karibu na Ziwa Squam. Kwa sisi wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, lile ni bwawa: ng'ambo unaiona, miti imeshuka mpaka majini, na usiku kuna ndege analia kama mtu anayeita mtumbwi. Siku ya mapumziko tulivushwa kwa boti hadi kisiwa cha Chocorua, ambacho wenyeji wanakiita Kisiwa cha Kanisa. Kanisa lenyewe halina paa wala ukuta, ni mabenchi chini ya miti na altare ya mawe. Jumapili za kiangazi waumini wanakuja kwa boti.

Hapo ndipo Ernest Balch, mwanafunzi wa chuo cha Dartmouth, alipofungua kambi mwaka 1881, mojawapo ya kambi za kwanza kabisa za watoto nchini humo. Alichoshwa na watoto wa matajiri waliomaliza kiangazi mahotelini wakiletewa kila kitu. Kisiwani kwake hapakuwa na mtumishi. Wavulana walipika na kuosha vyombo wenyewe, na aliyetaka hela zaidi ya posho alifanya kazi alipwe. Walikuwa hata na benki yao. Kambi ilifungwa 1889.

Nilicheka kimoyomoyo. Yote hayo bibi alitupa bure kila alfajiri, tukianika dagaa na kufukuza yangeyange! Kambini kwetu mvulana wa miaka 12 aliniuliza kama sabuni inapakwa ndani ya sufuria au nje. Hakuwa anatania. Wiki ya tatu alikuwa anagombania zamu ya sufuria kubwa la uji.

Kwa hiyo jibu langu ni kwa bibi, ila chunguzeni kwanza. Mwaka jana wanangu walirudi kutoka Ukerewe wamenenepa, wanajua tamthilia zote. Kumbe mama ameweka king'amuzi na binti wa kazi. Safari hii nimempigia mapema: "Mama, wajukuu wakifika tu, binti naye aende likizo."