London siku mbili na watoto wa miaka 3 na 6

Dada, orodha yako ya kutembelea sehemu sita kwa siku ni ya watu wazima. Weka moja asubuhi, bustani mchana, inatosha.

Anza na Natural History Museum, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Kiingilio bure, ila kata tiketi mtandaoni ya saa nne kamili, milango inapofunguliwa. Nendeni moja kwa moja kwa dinosauri. Saa tano foleni inakuwa balaa. Kituo cha treni cha hapo, South Kensington, kina ngazi, na kigari cha mtoto mtakibeba wenyewe. Basi ni rahisi zaidi, ingawa abiria wa kiti cha magurudumu akipanda, kigari kinakunjwa. Kwa hiyo chukueni kile chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja.

Nauli: walio chini ya miaka 11 hawalipi wakiwa na mtu mzima. Wewe na mzee mgusishe kila mtu kadi yake ya benki kwenye mashine ya nauli. Kadi moja haipitishi wawili. Mabasi hayapokei pesa taslimu.

Siku ya pili, Coram's Fields, uwanja wa michezo wa watoto karibu na Russell Square: mchanga, bembea, na mtu mzima haingii bila mtoto. London Eye, lile gurudumu kubwa la kutazamia jiji? Bei kubwa, na wa miaka 3 atachoka kabla ya nusu saa kuisha.