Mke wangu mnene kunishinda, mbona sukari imenishika mimi?

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa mahindi huku Njoro, miaka 52. Nina kilo 74, urefu sentimita 171, na kitambi ambacho nikikipima na futi ya fundi nguo kinafika sentimita 98. Mama watoto ana kilo 93, na unene wake umekaa nyongani na mapajani. Juzi tulipimwa sukari asubuhi kabla ya kula: mimi 8.4, yeye 5.1. Kijana wetu anasema kuna mwanasayansi aliyewanenepesha panya na sukari ikawaisha. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona tunahimizwa kupunguza mwili?

JIBU: Kijana hakukudanganya, mzee wangu, ila amekuletea nusu ya habari.

Mwanasayansi huyo ni Philipp Scherer, mtafiti wa tishu ya mafuta huko Dallas, Marekani. Mwaka 1995 alikuwa mmoja wa waliogundua homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe, ambayo leo huitwa adiponektini. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha habari za panya wasio na leptini, homoni nyingine ya mafuta, ile inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Panya wa namna hiyo hula bila kushiba, wakanenepa na kupata kisukari. Watafiti walibadilisha urithi wa baadhi yao ili watoe adiponektini kwa wingi. Hao wakanenepa kuliko hata ndugu zao, lakini sukari yao ikawa sawa, na mafuta kwenye ini yakapungua.

Ghala unalijua kuliko mimi. Mwaka wa mavuno mazuri, gunia lililo ghalani halina shida. Shida ni lile ulilolirundika jikoni kwa kukosa nafasi, likapata unyevu, ukaja kukuta sumukuvu. Mafuta ya chini ya ngozi ndiyo yaliyo ghalani. Adiponektini iliwapanulia panya wa Scherer ghala. Lako ni dogo, limejaa ukiwa na kilo 74 tu, na ziada imeingia tumboni ndani, kwenye ini na kongosho. Ini lililojaa mafuta huwa zito kuitikia insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, kwa hiyo usiku kucha linamwaga sukari kwenye damu hata kama hujala kitu. Ndiyo maana kipimo chako cha alfajiri kiko juu.

Ghala la mama liko nyongani, na ni pana. Tofauti hii daktari Mfaransa wa Marseille, Jean Vague, aliiandika tangu 1947, na wengi hawakumjali. Mimi mwenyewe shuleni nilifunzwa kwamba mafuta ni kama mto wa kukalia tu. Kilichonigeuza ni habari za watu wanaozaliwa karibu bila tishu ya mafuta kabisa. Utawaona wakonde, misuli imechomoza, ungedhani ni wanariadha, kumbe wana kisukari kikali na ini limejaa mafuta. Hawana ghala.

Je, ghala la binadamu laweza kupanuliwa kwa dawa? Kwa kiasi, ndiyo. Vidonge vya pioglitazoni huongeza seli za mafuta chini ya ngozi. Mgonjwa huongeza kilo huku sukari ikishuka. Lakini hufanya maji yabaki mwilini na havimfai mwenye moyo dhaifu, kwa hiyo usivinunue kwa kusikia jirani anavitumia.

Kwako wewe njia nyepesi ni kupunguza magunia. Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, aliwachukua watu 20 wenye kisukari ambao, kama wewe, hawakuwa wanene. Walipunguza uzito kwa awamu, kama asilimia 10 hivi, na 14 kati yao sukari yao ikashuka chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Kwako hiyo ni kama kilo saba. Anza na soda, chai ya sukari nyingi na ule mlima wa ugali wa usiku. Sukuma na maharagwe yabaki. Kiuno kikishuka chini ya nusu ya urefu wako, yaani kama sentimita 85, utakuwa umefika pazuri.

Hata hivyo usianze kwa kubahatisha. Kiwango cha kisukari kabla ya kula ni 7.0 kwenda juu, nawe umepimwa mara moja tu. Rudia, na uombe kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Kikifika asilimia 6.5, jibu limethibitika. Kama unakonda bila sababu, una kiu isiyoisha na unakojoa kila saa, usingoje: hicho huenda ni kisukari cha upungufu wa insulini, na hadithi yangu ya ghala haikihusu.

Mama naye mje pamoja. Sukari yake ni nzuri, lakini presha hamjaniambia, na kilo 93 magoti huyasikia.