Kigae kinawaka chekundu, mbona mkono hauungui?

SWALI: Habari dada, mi ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro. Nimeona video jamaa anatoa kitofali kwenye tanuri, kinawaka kama kaa la moto, anakishika na vidole vitupu bila glavu bila nini. Wenzangu hapa wanasema kiinimacho. Mi chuma kikiwaka vile hata kukisogelea siwezi. Ni kweli?
– Fundi, Morogoro

JIBU: Kweli kabisa fundi wangu. Hicho ni kigae cha seramiki, aina ile iliyofunika matumbo ya space shuttle, vile vyombo vya kwenda anga na kurudi vya NASA (shirika la anga la Marekani), kuanzia cha kwanza, Columbia, kilivyoruka mara ya kwanza Aprili 1981 mpaka vilipostaafishwa 2011. Kimetengenezwa kwa nyuzi za silika, yani mchanga safi sana uliogeuzwa kama pamba, alafu zaidi ya asilimia 90 ya ndani ni hewa tupu. Debe la lita 20 ukilijaza kigae hicho halifiki hata kilo 3!

Sasa rudia video uangalie vidole, anashika kwenye kona tu, hagusi katikati. Kona zinapoa ndani ya sekunde chache, na joto lililobaki ndani linatembea polepole mno kuzifikia, kwa iyo mkononi kinakuja kidogo sana. Chuma chako joto linakimbia, ukigusa sehemu moja kipande kizima kinakumiminia moto wake hapo hapo.

Alafu hakipasuki. Unajua glasi baridi ukiimwagia chai ya moto inavyolia ta! Ni kwa sababu upande mmoja umetanuka mwingine bado. Silika karibu haitanuki kabisa, unaweza kukitoa kwenye joto la nyuzi 1,260 za Selsiasi ukakitumbukiza kwenye maji baridi kikabaki kizima. Ila hapo hapo ndo palipowasumbua mafundi, maana bodi ya chombo ilikua alumini na alumini inatanuka, ukibandika kigae moja kwa moja kwenye alumini kinavunjika, ikabidi waweke kitambaa kinene cha feliti katikati na gundi ya silikoni pande zote mbili. Mi hiyo feliti naipenda kuliko kigae chenyewe.

Usijaribu na tofali la kawaida tafadhali, utaungua vibaya. Na kama unajenga tanuri lako ukapata lile blanketi jeupe la nyuzi za seramiki, vaa barakoa ya vumbi kila unapolikata, na loanisha sakafu kabla ya kufagia, vile vinyuzi vikiingia kwenye mapafu ni hatari.