Boti ya Kasi Hula Hata Ikiwa Imefungwa

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma na wageni wakijaa hapa Shela, Lamu, hunijia kijana mmoja au wawili na habari ileile: amepata boti ya kasi, faiba safi, mashine mbili, mwenyewe anarudi kwao Ulaya na bei ameikata. Ananiuliza kama bei ni nzuri. Mimi humuuliza mashine zimetembea saa ngapi, na daftari la matengenezo liko wapi. Hapo ndipo mazungumzo hupoa.

Nimeshika boti za watu kwa miaka mingi kabla ya kununua yangu, na bado nilijidanganya kwa hesabu. Nilihesabu petroli peke yake.

Basi tuanze na hiyo petroli, maana hata yenyewe wengi huikosea. Mashine ya kisasa ya nguvu farasi 150, ukiisukuma mpaka mwisho, hunywa lita 55 hadi 60 kwa saa. Zikiwa mbili, hiyo ni kama lita 115. Ukirudisha mkono mpaka raundi 4,000 hivi kwa dakika, hushuka hadi karibu nusu, na boti bado inapaa juu ya maji. Yangu ikiwa hapo huenda noti 25, yaani maili 25 za baharini kwa saa, kwa lita 60 za saa nzima. Sasa chukua safari ya maili 20 za baharini. Kwa noti 25 nitachoma lita 48. Kwa noti 40, lita 57 au 58. Lakini yule anayedhani anabana matumizi kwa kwenda polepole, noti 10, omo, yaani mbele ya boti, limeinuka juu na tezi, nyuma yake, limezama, atachoma lita 60 na kufika amechelewa. Boti ya namna hii ama ipae, ama iende taratibu kabisa kama unatoka gatini. Ile hali ya katikati, ambapo inalima maji, ndiyo inayokula fedha.

Nami nakwambia hivi nikijua kwamba kusi likivuma noti 40 ni ndoto tu. Ukitoka nje ya mlango wa Shela mwezi wa Juni, mawimbi ndiyo yatakayokupangia mwendo.

Bei ya petroli hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo usimpe mteja bei ya safari ya mwezi ujao bila kuacha nafasi. Tuseme lita ni shilingi 200, hesabu ya mdomo tu: saa moja ya mwendo wa wastani ni 12,000. Na ukinunua ya mitungi, ichuje. Maji kidogo tu ndani ya petroli yanatosha kuzima mashine zote mbili kwa pamoja, maana watu wengi huzilisha kutoka tangi moja. Filta ya kutenganisha maji si ya kuionea uchungu.

Matengenezo ya kawaida ni kila saa 100 au kila mwaka, chochote kitakachotangulia. Mashine mpya huanza na saa 20 za kwanza. Oili ya injini karibu lita 5 kila moja, filta, oili ya gia, plagi, impela. Kila kitu mara mbili. Kijana husikia "mashine mbili" akawaza mbio. Mimi nawaza plagi nane. Faida yake naikubali: moja ikikufia mbali, nyingine itakurudisha nyumbani.

Impela ni kigurudumu cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini. Ukipita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa Lamu, maji yakiwa yamepwa, unakoroga mchanga na tope, na mpira ule husagika. Angalia mashine inavyokojoa, yaani inavyotoa maji hayo nje. Ikiacha kukojoa, zima hapohapo, hata kama abiria wanalalamika. Impela ni bei ndogo. Kichwa cha injini kilichopinda kwa joto ni bei ya ng'ombe kadhaa.

Kisha maji ya chumvi. Kila jioni mashine zioshwe ndani kwa maji matamu, dakika 10 hadi 15. Mjini petu visima vingine vimeingia chumvi, kwa hiyo onja kwanza. Kama boti imelala ng'ambo kwenye boya, kuna mitungi ya kubebwa, kuna punda wa kulipwa, kuna kijana wa kulipwa. Ni fedha ndogo, lakini ni za kila siku. Na vile vipande vya zinki chini ya mashine vimewekwa viliwe na chumvi badala ya mashine yenyewe. Vikiisha nusu, badilisha. Nimemwona fundi amevipaka rangi nzuri vikang'aa kama vya harusi. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote.

Chini ya boti mwani na makombe huota haraka katika maji yetu ya joto, na kasi inapotea huku petroli ikipanda. Hapa bahari inatusaidia. Bamvua ilipokuja, niliiweka boti ufukweni maji yakiwa yamejaa, yakapwa, tukaparua na kusugua, kisha maji yakaiinua tena siku hiyohiyo. Gharama ilikuwa chai, mahamri na vijana wanne.

Lakini hasara yangu kubwa kuliko zote niliipata boti ikiwa imefungwa. Ilikuwa masika, hakuna kazi, nikaona hakuna haja ya kumlipa mlinzi. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Pampu ya kufua maji ilifanya kazi mpaka betri ikaisha, kisha ikanyamaza. Tezi lilishuka usiku kwa uzito wa mashine, na asubuhi nilikuta omo peke yake linatazama juu. Mashine iliyozama inatakiwa ioshwe na kuwashwa saa zilezile. Mimi nilichelewa siku nzima nikitafuta watu wa kuinyanyua. Moja ilipona. Nilichookoa kwa mlinzi hakikutosha kununua hata vyombo vya umeme vya ile ya pili.

Tangu hapo, kwa kila saa ya mashine natia shilingi 3,000 pembeni, mbali na petroli, na sizigusi hata kwa Idi. Ukaguzi na leseni ya KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, bima, jaketi za kuokolea, mshahara wa nahodha mwenye cheti na wa mlinzi, hivyo vina fungu lake, maana havijali kama ulisafiri au hukusafiri.

Kijana wa mwaka huu alirudi siku ya tatu, akasema muuzaji hana daftari lolote, ila anaapa mashine ni nzima. Nikamwambia kwenye bei aliyotajiwa apunguze kwanza bei ya mashine mbili mpya, ndipo waanze kuzungumza bei ya boti.