Jibu: Kwa nini Taveta iko Kenya na Moshi iko Tanzania?

Habari mkuu. Umekwama kwenye ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Kilimanjaro, eti ndiyo maana mpaka umepinda pale. Hata mimi ilinipotezea muda. Angalia tarehe kwanza: mkataba wa mpaka kati ya Uingereza na Ujerumani ni wa 1886, na mjukuu mwenyewe, Wilhelm II, alipata ukaizari wa Ujerumani 1888.

Rudi nyuma hadi 1884. Mpelelezi Mwingereza Harry Johnston alifika Taveta, wakati huo makazi yaliyojificha ndani ya msitu wa mto Lumi, ambako misafara kutoka pwani ilipumzika na kununua chakula kabla ya kuingia Umasaini. Akapata hati ya ardhi hapo. Mwaka uliofuata Jühlke, mtu wa Carl Peters (Mjerumani aliyekuwa akikusanya mikataba ya ardhi huku kwetu), akawekeana mkataba na Mangi (chifu) Rindi wa Moshi. Basi kila upande ukawa na karatasi yake mkononi, na 1886 mstari ukapitishwa katikati ya Taveta na Uchagga. Wenyeji hawakuulizwa, bila shaka.

Ukishaipata hiyo, Agosti 1914 haitakushangaza: Wajerumani waliiteka Taveta mwanzoni kabisa mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaishikilia hadi Machi 1916.