Kompyuta za kale kwenye mashine uliyonayo: maswali yenu

Nafundisha sekondari Ilemela. Tuna kompyuta chache zilizochoka na intaneti ya kubahatisha. Nataka wanafunzi waonje kompyuta za miaka ya 80, ila wenzangu wanasema ni kupoteza muda. (Mwalimu)

Mwalimu, hizo zilizochoka zinatosha. Emuleta ni programu inayoigiza mashine nyingine, na mashine yenyewe ilikuwa ndogo: Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Pakua VICE, emuleta ya Commodore 64, mara moja palipo na mtandao mzuri, haiuzwi, kisha isambaze kwa flashi.

Usianze na historia, tafadhali. Waache waone ile skrini ya bluu iliyoandikwa READY, wakae nayo kidogo bila kuelekezwa. Hakuna ikoni wala menyu. Mashine inangoja iambiwe. Halafu waandike:

10 PRINT "SATO NA SANGARA"
20 GOTO 10

Wakiandika RUN, skrini itajaa samaki hadi wabonyeze Esc. (Alama za kunukuu zikipotea, jaribu Shift na 2.) Kisha POKE 53280,0 na ukingo wa skrini unakuwa mweusi. Wabadilishe hiyo sifuri kwa namba yoyote hadi 15, wataona rangi zote 16. Hapo ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba rangi ni namba iliyowekwa mahali fulani kwenye kumbukumbu, na kwamba yeye mwenyewe ameiweka. Kompyuta ya leo imefunika jambo hilo kwa matabaka mengi mno. Kwa mashine hii, mtoto wa kidato cha pili anaweza kuifahamu karibu yote. Wenzako waalike kipindi hicho.

Mimi nina simu tu. Nimeachwa nje? (Kijana, Igoma)

Hujaachwa, mdogo wangu. Emuleta ya Jsbeeb inaigiza BBC Micro, kompyuta ya miaka ya 80, ndani ya kivinjari, na emuleta za Android zipo pia. Shida ni kibodi: vidole vitachoka upesi, kwa hiyo azima kibodi ya kawaida na uiunge kwa waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu.

Halafu jua hili. BBC Micro ilitengenezwa na Acorn ya Cambridge, Uingereza, mwaka 1981. Wahandisi wawili wa hapo, Sophie Wilson na Steve Furber, ndio waliobuni chipu ya ARM, yaani ubongo wa kompyuta, na ya kwanza iliwaka Aprili 1985 ikiwa imeunganishwa na BBC Micro. Simu karibu zote leo zinatumia muundo wa ARM. Unamwigiza babu wa simu yako ndani ya simu yenyewe.

Nina kibanda cha gemu Buzuruga. Naweza kuweka za kale na kutoza? (Mfanyabiashara)

Emuleta yenyewe ni halali. Gemu nyingi bado zina wenyewe, hata za miaka 40, hivyo kuzinakili na kuzitoza bila ruhusa sikushauri. Ruhusa zipo: Amstrad, iliyonunua kompyuta za Sinclair mwaka 1986, iliruhusu programu ya ndani ya ZX Spectrum, mojawapo ya kompyuta hizo, isambazwe kwa ajili ya emuleta. Tafuta pia gemu mpya ambazo watunzi wake wanazitoa bure, kisha soma masharti yao.

Kompyuta niliyotumia ofisini miaka ya 90 iko stoo, Kirumba. Wajukuu wanataka kuiona. Niichomeke tu? (Mstaafu)

Shikamoo mzee. Usiichomeke kwanza. Unyevu wa ziwa na miaka mingi ya kukaa huharibu kapasita, na betri ndogo iliyo kwenye bodi huvuja ikala shaba. Fundi aifungue, aitoe hiyo betri, apime pawasapulai. Wakati huohuo tafuta kisoma flopi cha USB, nakili flopi zako, uzifungue kwa DOSBox, emuleta ya kompyuta za DOS za enzi hizo. Programu uliyoandikia barua zako ikiwa humo, zitasomeka tena.

Na wewe ukae karibu wakati wajukuu wanabonyeza. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ikaja kuziruhusu baadaye. Waambie kwenu ofisini mlifanyaje hesabu kabla hiyo mashine haijafika, na nani alikufundisha kuiwasha.