Chumvi imepanda, matumbawe yamejifunga

SUALI: Assalaam aleikum. Nina tangi la matumbawe la lita 300 hapa Mbweni. Maji yakipungua huongeza ya bahari kila siku. Sasa kipimo cha chumvi kinasoma 40 kwa elfu (gramu 40 za chumvi kwa kilo moja ya maji) badala ya 35, na matumbawe laini yamejifunga. Si maji yale yale ya bahari?

JIBU: Waaleikum salaam. Ni yale yale, ila kinachopotea kwa mvuke ni maji matupu. Chumvi inabaki, nawe unaiongezea nyingine.

Kwanza kikague kipimo chenyewe. Rifraktomita (kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga) irekebishwe kwa maji maalumu ya 35. Ukiirekebisha kwa maji matamu pekee, inaweza kukudanganya huko juu. Ikiwa kweli ni 40, toa lita 7.5 na utie maji matamu kiasi hicho hicho, mara moja kwa siku, siku 5. Utashuka hadi karibu na 35. Usifanye yote kwa siku moja: konokono na kaa hawahimili.

Maji ya kisima cha Unguja hatuyapendi kwa kazi hii. Yamepita kwenye mawe ya chokaa, na penye vyoo vya shimo huweza kubeba naitreti, uchafu unaotokana na kinyesi. Bora ya chujio la osmosisi, linalosukuma maji kupita utando laini na kuacha chumvi nyuma.

Kuzimua kunashusha alkalini pia (uwezo wa maji kuhimili asidi), basi ipime siku ya 6. Katika lita 300, gramu 9 za bikaboneti ya sodiamu (baking soda) hupandisha alkalini kwa digrii 1 (dKH). Usipite hapo kwa siku.

Kisha piga mstari kwenye kioo, usawa wa maji. Maji yakishuka chini yake, ongeza maji matamu tu. Ya bahari ni ya kubadilishia, na usiyateke ufukweni baada ya mvua kubwa ya masika.